Msafara wa Viwavi Nyantakara

Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, basi halikuvuka mapori ya Biharamulo peke yake. Mabasi yalisubiriana, yakapangwa mstari, askari wenye bunduki wakapanda, ndipo msafara ukaondoka. Majambazi walikuwa porini na kila abiria alilijua hilo. Waliosafiri enzi zile bado hushusha sauti wanapofika sehemu fulani za njia, ingawa leo lami imenyooka na kinachotisha zaidi ni lori lililoharibika kwenye kona bila taa. Mimi nilikwenda huko kutafuta msafara mwingine, wa viumbe wasiozidi urefu wa kidole, ambao nao hawathubutu kuvuka tawi mmoja mmoja.

Safari yenyewe si ya kusimulia sana. Kutoka Mwanza, Daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025 limeua ile adha ya kungoja kivuko: kilomita tatu za maji unazimaliza kabla hujamaliza karanga za kikaratasi. Sengerema, Geita, Bwanga, Biharamulo. Mjini Biharamulo lipo boma la Wajerumani juu ya kilima, kuta nene za enzi za ukoloni zikitazama bondeni. Kisha Lusahunga, mji wa malori. Yanayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Congo hupumzika hapo, na mama lishe wa hapo wanajua kuuliza "wali au ugali?" kwa lugha za nchi zaidi ya tatu. Nikala, nikapanda bodaboda, tukaingia Nyantakara.

Nyantakara ni kata ya Wilaya ya Biharamulo, na upo msitu wenye jina hilo. Mtu aliyezoea kusikia neno "msitu" akawaza misitu minene ya Amani au Kakamega atashangaa. Sehemu kubwa ni miombo: miti isiyogusana sana vilele, nyasi chini, wekundu wa majani machanga mvua zinapokaribia. Nondo ninayemzungumzia, yule ambaye viwavi wake ndio wenye msafara huo, hakai sana humo katikati. Anapenda pembeni, kwenye vijito na mabonde yenye unyevu, pale unapoota mti ambao vitabu vya misitu huuita mkarati au mwiza, na wanasayansi Bridelia micrantha. Si mti wa kujionyesha. Ukiwa mdogo una miiba shinani. Jani lake lina mishipa iliyonyooka kwa mpangilio hadi ukingoni. Matunda yake madogo meusi huliwa na ndege na watoto wa shule. Mbao zake mchwa hawazipendi, kwa hiyo watu huzipenda kwa nguzo, na hapo ndipo matatizo ya nondo wetu yanapoanzia.

Jina lake la kitaalamu ni Anaphe panda. Mfaransa Boisduval alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1847 kutokana na vielelezo vya kusini mwa Afrika, lakini makao yake ni mapana: Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini, popote penye miti inayomfaa. Akiwa mzima si mkubwa. Mabawa yake ni meupe yenye rangi ya maziwa, yamepigwa mistari ya kahawia, na mwili wake mnene umejaa manyoya. Jike ni mkubwa kuliko dume. Ukimwona ametulia kwenye gome utasema ni kipande cha karatasi kilichopeperushwa kutoka darasani. Hali kitu. Mdomo wake hauna kazi. Mafuta yote anayoyatumia kuruka, kutafuta mwenzi na kutaga aliyalimbikiza akiwa kiwavi. Anaishi siku chache tu. Kwa hiyo anayetaka kumjua mdudu huyu asipoteze muda na mabawa. Maisha yake yako kwa mtoto.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja mfugaji nyuki, ambaye mizinga yake ya magogo imening'inia kwenye miti kando ya hifadhi. Nilimkuta anachonga kifuniko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa wadudu?"

Habari zilikuwa zimenitangulia. Mhifadhi wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) aliyenipa ruhusa ya kuingia alikuwa amempigia simu akimwambia anakuja mgeni asiyetaka asali, mbao wala mkaa, na mzee alikuwa bado anatafakari kama mgeni wa namna hiyo ni wa kuaminika.

Tulishuka kijitoni. Mkarati wa kwanza haukuwa na kitu. Wa pili vilevile. Kwenye mmoja uliokuwa umeinamia maji, mzee akaonyesha kwa fimbo: mfuko wa rangi ya kahawia, mkubwa kuliko ngumi mbili, umeshikamana na panda ya tawi huku majani makavu yakiwa yamenaswa ndani ya nyuzi zake. Nikanyoosha mkono. Fimbo ya mzee ikatangulia.

"Huo haushikwi kwa mkono mtupu. Mjukuu wangu alishika, akajifikicha jicho. Alilia usiku kucha."

Alikuwa na haki ya kunionya. Viwavi wa jamaa hii wana manyoya ya aina mbili. Yale marefu unayoyaona ni ya maonyesho. Hatari iko kwenye vijinywele vifupi mno, vyenye ncha, vinavyokatika kwa urahisi na kubeba protini inayochoma ngozi. Havifi pamoja na mwenyewe. Hukaa ndani ya mfuko, na anayeutikisa mfuko wa zamani anaweza kuwashwa kama aliyekutana na kiwavi hai. Ndege wengi hawathubutu. Kekeo anathubutu: ndege wa jamaa hiyo hula viwavi wenye manyoya, nywele zikamjaa kwenye firigisi, kisha akazitapika zikiwa zimesokotwa donge. Kuna nzi na nyigu wadogo pia, wanaotaga mayai juu ya viwavi au ndani yao, na hao hawazuiwi na nywele yoyote.

Nilijifunga kitambaa puani, nikavaa glavu, nikauchunguza mfuko bila kuung'oa. Ganda la nje lilikuwa gumu, limesokotwa tabaka juu ya tabaka, lina mng'ao hafifu. Upande mmoja lilikuwa na tundu, kwa hiyo wenyewe walikwishatoka. Nikamulika tochi ndani. Vifukofuko vimebanana, kila kimoja na mwenye nacho, vyote chini ya paa moja.

Ni vigumu kueleza ni jambo la ajabu kiasi gani hili bila kurudi nyuma hadi kwenye mayai. Jike hutaga mayai yake kwa mamia, mahali pamoja, upande wa chini wa jani, na kuyafunika kwa manyoya anayoyachomoa kwenye ncha ya tumbo lake. Watoto wakianguliwa hawatawanyiki. Wanapanga vichwa sambamba na kukwangua jani kama timu. Jani likiisha wanahama, na wanapohama mmoja hutangulia huku wa nyuma akigusa kwa kichwa mkia wa aliye mbele. Anayetangulia si kiongozi kwa maana yetu. Ukimwondoa, wa pili anakuwa wa kwanza na safari inaendelea. Kinachowaongoza ni uzi wa hariri na harufu vinavyoachwa njiani.

Mzee alikuwa ameuona msafara huo mara nyingi. Mimi sikuukuta, mvua za vuli zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza na viwavi wa kizazi kilichopita walikwishakuwa nondo. Alinionyesha kwa kidole jinsi ulivyoshuka shina lile, ukakata njia ya ng'ombe, ukapanda mti wa pili. "Ng'ombe mmoja akapita katikati," akasema. "Wa mbele wakasimama. Wa nyuma wakasimama. Mpaka wakaungana tena, ndipo wakaenda." Nilimwambia habari ya Jean-Henri Fabre, mtafiti wa Ufaransa, ambaye mwaka 1896 aliwafungia viwavi wa jamaa ya karibu na hawa, wale wa miti ya misonobari, kwenye ukingo wa chungu cha maua. Walipokutana kichwa na mkia wakafanya duara, wakazunguka kwa siku saba, chakula kikiwa karibu, mpaka kwa uchovu na bahati baadhi wakateleza nje ya mzunguko. Fabre aliona hapo upumbavu wa silika. Mzee hakukubaliana.

"Nani aliwafungia kwenye chungu?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi." Akaendelea kutembea.

Nadhani mzee ana hoja. Hakuna tawi linalofunga duara porini. Kwenye mti halisi, njia yoyote inayofuatwa hufika ama kwenye majani ama kwenye wenzako, na kiwavi mchanga aliyeachwa peke yake, bila joto la kundi wala kinga ya manyoya mia, hana maisha marefu. Siku ikifika, kundi zima hukusanyika mahali pamoja na kuanza kusokota. Kwanza ganda la wote. Likikamilika, kila mmoja hujisokotea chake ndani. Humo wanaweza kukaa kwa miezi kabla ya kugeuka, wakisubiri majira ya mvua na majani mapya, na wanapotoka wote hutumia mlango mmoja au miwili.

Hariri hiyo ndiyo iliyowaleta watu wa mbali mkoani Kagera muda mrefu kabla yangu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni ya Kijerumani ya hariri iliweka kazi zake eneo la Bukoba kwa ajili ya mifuko ya Anaphe, na Uganda nako wataalamu wa serikali ya kikoloni waliandika taarifa kuhusu mdudu huyo huyo. Mwaka 1914 Mjerumani Arnold Schultze alichapisha kitabu kizima juu ya nondo wa hariri wa Afrika, akiwapa nafasi ya mbele hawa wanaojenga kwa pamoja. Ilionekana biashara inakuja. Mwaka uleule vita vikaanza. Juni 1915 Waingereza wakavuka ziwa, wakaishambulia Bukoba na kubomoa mnara wake wa simu ya upepo, na habari za hariri hazikuwa tena na msikilizaji.

Ni rahisi kulaumu vita, na wapo wanaofanya hivyo. Mimi naona hata amani ingewashinda. Kiwavi wa China, yule wa mforosadi, hujisokotea kifuko chake kwa uzi mmoja usiokatika, wa mamia ya mita, unaoweza kufunguliwa na mashine tangu mwanzo hadi mwisho. Amefugwa kwa maelfu ya miaka hata nondo wake hawezi kuruka. Anaphe hatoi uzi wa namna hiyo. Nyuzi zake zimepishana na za jirani, zimebanwa na gundi, zimechanganyika na majani, maganda na zile nywele zinazowasha. Lazima uchemshe mfuko kwenye maji yenye magadi au sabuni mpaka gundi iachie, uoshe, uchambue, kisha usokote kama pamba. Kitambaa kinachotoka ni kizuri, cha rangi ya udongo mwepesi, kigumu kuisha. Wayoruba wa Nigeria wamekifuma kwa vizazi vingi kutokana na ndugu wa nondo huyu na kukiita sanyan, nguo ya wenye hadhi. Lakini ni kazi ya mikono. Kampuni inayohesabu tani haiwezi kuipenda.

Na zaidi ya hapo, huwezi kumfunga bandani. Anataka mti ulio hai, mkubwa, kando ya maji, na kundi lililokamilika.

Walioelewa hili vizuri zaidi ni watu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Huko icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo jijini Nairobi mwaka 1970, ilifanya kazi na wanavijiji wanaoishi kandokando ya msitu. Viwavi waliachwa juu ya miti yao ya Bridelia, wakafunikwa kwa vyandarua vilivyofungwa kwenye matawi ili nzi, nyigu na ndege wasiwafikie. Mifuko ilivunwa baada ya nondo kutoka. Hakuna kiwavi aliyechemshwa. Kwa mpango huo mwenye faida ni yule anayeuacha mti umesimama.

Nilimweleza mzee haya tukiwa tumekaa nje ya kibanda chake jioni. Mkewe alikuwa ameleta viazi na maziwa ya mgando. Mama huyo alisikiliza akauliza swali ambalo mimi nililitarajia mapema zaidi.

"Hawaliwi?"

Wanaliwa kwingine, nikamwambia. Sehemu za Congo wapo wanaomla huyu huyu baada ya kumchoma manyoya. Nigeria wanamla ndugu yake, Anaphe venata, na huko madaktari waligundua jambo la kutisha kidogo: baadhi ya watu, hasa wenye lishe duni, walikuwa wakipatwa na kutetemeka na kushindwa kusimama wima msimu wa viwavi hao. Mdudu ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 mwilini. Wagonjwa walipopewa vitamini hiyo walipata nafuu.

"Basi tutabaki na senene," mama akasema, na suala hilo likafungwa. Kagera ukishataja senene, mdudu mwingine hana nafasi mezani.

Usiku tulitandika shuka jeupe kati ya miti miwili na kuwasha taa nyuma yake. Kwa nini nondo huja kwenye taa? Kwa miaka mingi tuliambiwa huikosea kuwa ni mwezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, wenye kamera za kasi kubwa, ulionyesha jambo rahisi zaidi: mdudu anayeruka usiku huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga, kwa kuwa tangu zamani mwanga ulitoka juu. Ukimwekea taa pembeni, anainamisha mgongo kuielekea, mwili unapinda, na anajikuta akizunguka bila kupenda. Havutwi, anapoteza habari ya juu na chini.

Shuka likajaa: kumbikumbi, mende wa mavi, nondo wadogo wa kijani, wengine wa rangi ya majivu wasio na ukubwa wa punje ya mchele, ambao sidhani kama kuna mtu Nyantakara au Dar es Salaam angeweza kuwataja wote. Popo walipita juu yetu. Nondo wengi wa jamaa ya Notodontidae, ambayo Anaphe yumo, wana sikio kila upande wa kifua, na kila sikio lina seli moja tu ya kusikilizia. Seli moja! Nondo wa hivyo hawezi kutofautisha sauti nene na nyembamba; anajua tu kwamba popo yupo au hayupo, na kama yupo karibu, hufunga mabawa na kujiangusha. Zaidi ya mara moja tuliona kitu cheupe kikidondoka ghafla kwenye nyasi wakati popo akipita.

Kilichokuja mwisho kilikuwa dume la Anaphe, mabawa yamechakaa pembeni, likatua karibu na kidole cha mzee. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye mwenye ule mfuko?"

"Mmoja wao."

"Mbona mpole hivi?"

Akiwa mzima si wa kuogopwa sana, ingawa jike anaweza kuwa bado amebeba mabaki ya nywele za mfuko kwenye manyoya ya mkiani, na hapo ndipo mayai nayo hupata ulinzi wao.

Asubuhi tulipita tena kando ya kijito na mzee akanihesabia visiki. Nikawakumbuka wakimbizi: mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, wakaweka makazi Benaco, Ngara. Watu wengi kiasi hicho lazima wapike, na kuni zilikatwa mbali sana kuzunguka kambi. Visiki vya mzee havikuwa vya wakimbizi. Vilikuwa vya juzi, vya nguzo na mkaa, na vya mashamba ya mahindi yaliyosogezwa mpaka kwenye maji. Katika miombo ukikata mti mmoja, mingine inabaki. Kwenye ukanda mwembamba wa kijito, mikarati ikishaisha, jike la nondo halina pa kutagia, na kwa maisha yake ya siku chache haliwezi kwenda kutafuta wilaya nyingine.

Mzee alisimama kwenye kisiki kimoja.

"Hao viwavi wanakula maua?"

"Hapana. Majani tu."

"Huu mti ukichanua nyuki wangu hujaa juu yake."

Nikamwambia ni kweli, wafugaji nyuki wengi wanausifu, na kwamba mti mkubwa wenye afya unaweza kuliwa majani na ukachipua tena. Akauliza bei ya kilo ya hariri. Nikamwambia Biharamulo hakuna mnunuzi, na Kakamega ni mbali. Alicheka, akasema yeye alikuwa anauliza tu. Kisha akamwita mjukuu, yule yule wa jicho, akamtuma aokote matunda meusi yaliyoanguka chini ya mti ulioinamia maji, ayaoshe, aondoe nyama, azianike mbegu kivulini. Kijana akauliza ngapi. "Zijaze kopo," akajibiwa, "na mfuko ule usiuguse."